Nyundo Isiguse Maua ya Griffins

Nyumba ya Kona, Safu ya Sita,
Umoja, Nairobi.
Alhamisi, 14 Agosti 1997.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakaaji, Safu ya Sita.

Mheshimiwa Zedekiah Odera, Baba Jacklyne,

KUH: AMRI YA KUVUNJA UGA WANGU

Pokea salamu zangu za heshima. Sisi hatujambo, isipokuwa barua yako.

Hiyo barua ulimpa mlinzi alete, ingawa kati yako na mimi kuna ukuta mmoja tu, na nimeisoma mara tatu. Inasema uga wa mbele ya nyumba yangu, ambao kijana wangu Griffins aliumwagia simiti na kuupiga muhuri wa maua, haupatani na uamuzi wa kamati kwamba safu nzima itandikwe kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga, kama kwako. Inasema uwe umevunjwa kufikia kesho Ijumaa. Baba Jacklyne, Jumamosi wakwe wanakuja. Ukoo wa Wamalwa watoka Bungoma kumletea Lorine wangu mahari, na ni kwenye uga huo watakapokaa. Unataka niwakalishe juu ya vifusi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkumuuliza mtu aliyesomea. Griffins ana cheti cha uashi, chenye muhuri mwekundu, nimekitundika juu ya televisheni. Ulikiona ulipokuja kunywa chai, ukasema hongera. Uga huu ndio kazi yake ya kwanza. Watu wanne wameshasimama langoni wakiuliza ni fundi gani. Sasa kazi ya kwanza ya fundi ikivunjwa kwa amri ya kamati, nani atamwita kwa ya pili? Mimi naweza kuishi hata juu ya matope, nilizaliwa huko. Kijana ndiye anayenitia wasiwasi.

2. Mmesema kwenye mkutano kwamba simiti ya maua ni mambo ya kizungu. Si kweli. Mamangu kule Vihiga alisiriba sakafu kwa udongo na samadi, kisha akaichora kwa kiganja, nusu duara kando ya nusu duara, mpaka mgeni akaogopa kukanyaga. Griffins aliyaona hayo akiwa mdogo. Alipokua akachukua kipande cha tairi la lori, akachonga ua, akaligandamiza kwenye simiti mbichi kutoka langoni hadi mlangoni. Huo ni ufundi wa nyanya yake. Je, kabro zenu mmezirithi kwa nani? Zinatoka kwenye mashine ya Nahashon, mfyatuaji wenu, zote sura moja, kama mikate ya duka.

3. Kabro zinaota nyasi. Juzi nilimwona Mama Jacklyne, mwalimu wa Sunday School, ameinama na kisu cha jikoni akikwangua katikati. Nilimwonea huruma.

4. Kiatu. Simiti ikiwa bado mbichi ulikuja kukagua. Griffins akakuambia, "Mzee, ngojea kidogo ikauke." Ukamjibu, "Mwenyekiti hangojei," ukakanyaga. Mpaka leo kiatu chako cha kulia kiko pale katikati ya maua, kisigino na yote. Sikulalamika. Mume wangu Shiundu aliporudi kutoka kazini kwenye reli akataka kuja kwako, nikamwambia, "Wacha, huyo ni mzee wetu, na kiatu chenyewe ni kizuri." Kumbe mwenye kiatu ndiye atakayeleta nyundo.

5. Sasa ile hoja yako kubwa, iliyopigiwa makofi. Ulisema kabro ukitaka kuchimba chini unang'oa chache, unafanya kazi yako, unazirudisha, lakini simiti ni lazima uipasue. Mwenyekiti, ni nani anayetengeneza kitu huku akiwaza siku ya kukifukua? Hata wewe hukwenda kuoa ukiwa na barua ya talaka mfukoni. Tena tazama uga wako. Katikati kuna ule mfuniko wa chuma wa shimo la maji taka, umekaa kama kiraka kwenye suruali ya harusi. Wangu hauna kitu kama hicho. Ni maua matupu. Kwetu msichana akisiriba nyumba akaacha mahali wazi hata padogo kama sahani, shangazi zake husema huyu hakufunzwa. Mimi nilifunzwa.

Kwa hiyo naomba amri hiyo ifutwe leo. Naomba pia kabro zako zing'olewe, kwa kuwa umesema mwenyewe ni kazi rahisi. Griffins apewe safu nzima, nyumba zote ishirini na mbili, halafu njia ya kwenda kanisani. Akimaliza hapo, kamati iandikie Baraza la Jiji kwamba yuko tayari kuanza barabara kubwa. Dereva akiona anapita juu ya maua atapunguza mwendo kwa aibu, na watoto wetu watavuka salama.

Nisalimie Mama Jacklyne, na Jacklyne mwenyewe katika mitihani yake, na mlinzi kwa miguu yake iliyoleta barua, na hata Nahashon. Ugomvi wangu ni na kabro zake tu. Jumamosi nyote mnakaribishwa. Mbuzi ameshatoka soko la Kiamaiko, mnene, na ana tabia nzuri.

Ni mimi ninayeiheshimu kamati, mpaka hapo ilipofika,

Asenath Ayuma (Mama Griffins)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, maji yamepanda jikoni. Hayo yenye povu yanayopita mlangoni kwako saa hii si mvua. Ni ya safu nzima, kwa sababu shimo la hapa konani ndilo linalopokea ya nyumba zote. Mfuniko wetu upo. Uko chini ya maua, hapo penye kiatu chako. Griffins alitaka kuuacha wazi, akaniuliza, "Mathe, na shimo likiziba je?" Nikamwambia akiacha kiraka mbele ya wakwe, asiniite mama tena. Kwa hiyo fundi hana kosa, kosa ni langu, na naomba uliandike hivyo kwenye kitabu cha kamati, kwa jina langu kamili.

Ameshaanza kupasua mwenyewe, kwa nyundo aliyoazimwa na Nahashon, hivyo amri yako imetimizwa siku moja kabla. Anauliza kama zile kabro zilizobaki nyuma ya nyumba yako zinatosha mahali pa ukubwa wa meza. Atazipanga mwenyewe kuzunguka mfuniko kabla ya Jumamosi. Kupanga kabro pia kumo kwenye cheti. Kipande chenye kiatu chako kimetoka kizima, nimekiegemeza ukutani upande wenu. Njoo ukichukue, na usije mikono mitupu.