Uzinduzi wa Riwaya Moja kwa Vijana Elfu Nne wa Rumonge

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Gavana, waheshimiwa wakuu wa idara zilizofika na zile zilizotuma salamu, mashehe, mapadri, wachungaji, wamama wa mawese kutoka Kigwena, wavuvi wa Magara mliokatiza usingizi wenu, na ninyi vijana wasomaji, taifa la kesho kutwa: amahoro! (Wachache wanaitikia.)

Mimi Melkiades, Direkteri Mratibu Mkuu wa Progaramu ya Kijana na Kitabu, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuzindua maktaba hii pamoja na riwaya yetu teule, riwaya ya zamani na mashuhuri ya msichana aliyetoroka nyumba ya mjomba wake akakulia njiani, kitabu ambacho, kwa mujibu wa utafiti wetu, huongeza ukomavu wa kijana kwa asilimia sitini na mbili nukta nne. (Makofi, safu ya mbele.)

Historia inajulikana. Mwalimu Chanceline, yule pale, alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na nakala moja, akawa anawasomea vijana kila Jumamosi ufukweni Magara, bila kibali, bila rejista, bila hata bango! Nilipoona utovu huo wa mpangilio nilifika mwenyewe kwa gari, nikaichukua nakala ile wakiwa katikati ya sura ya tisa, ili zitolewe nakala elfu nne. Huo ndio uongozi! (Mbuzi analia.)

Ndiyo, dada uliyenyoosha mkono. Asma? Sema, Asma.

("Direkteri, ni miezi nane sasa. Yule musichana alifika mutoni, daraja iko imevunjika. Alivuka, ama alirudi kwa mujomba?")

Swali zuri, tunda la sansibilizasyo yetu, yaani uhamasishaji! Kuhusu kuvuka au kutovuka, komisyo ya wataalamu imeundwa, na mimi binafsi nimekisoma kitabu hicho kwa undani, hasa jalada...

("Basi tupatie kitabu!")

Kitabu kiko salama, mahali ambapo kwa sababu za kiusalama hatupakumbuki kwa sasa. (Kelele.) Mwalimu Chanceline, tafadhali kaa, wewe haumo katika ratiba.

("Nitaisema kwa kichwa, Direkteri. Kule kambini niliisoma mara kumi na moja. Asma, sikiliza: alivua viatu, akavitupa ng'ambo kwanza, asipate sababu ya kurudi. Halafu akaingia majini.")

(Vijana wanageuza viti kumwelekea mwalimu.)

Mama, sura hiyo haijapata validasyo, haijaidhinishwa! Vijana, naomba viti vinitazame mimi. Mpiga picha, piga safu ya mbele peke yake. (Safu ya mbele nayo inageuka.)

Nahitimisha. Kitabu juu! Kijana mbele! (Mvuvi mmoja, kwa mwalimu: "Maji yalimufika wapi?") Namshukuru fundi Anwari, aliyechora rafu na vitabu juu ya turubai kwa ustadi mkubwa hata mgeni wetu mmoja akajaribu kuchomoa kimoja. Na zaidi namshukuru Mzee Hakimu, muuza mawese, aliyetuazima mlango wa ghala lake tukausimamisha hapa uwanjani. Atakayekata utepe tafadhali asiusukume mlango: nyuma yake hakuna nyumba. Asanteni, murakoze cane.