Lebo ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Wateja watatu tangu asubuhi, na mmoja alikuwa anaulizia choo. Mlango wa pili, kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, foleni imefika hadi kwa kinyozi. Na sote tunauza kinywaji kile kile cha tangawizi! Siri yake ni lebo. Ameandika kwa herufi ambazo hata asiyetaka kuona ataziona: HAIJATIWA SUKARI. IMETIWA UTAMU BANDIA. Anajichongea mwenyewe, na bado wananunua! Mwanamke ana kichwa huyu. Namvulia kofia. Lazima nimwangushe.

Jumanne, 4 Machi
Kesho mkutano wa mtaa: je, wauza vinywaji tulazimishwe kuandika utamu tunaotia? Nimefanya mazoezi ya hotuba bafuni. Mke wangu akauliza mlangoni ninagombana na nani.

Jumatano, 5 Machi
Nilisimama. Nikasema utamu bandia ni sumu. Muuguzi wa zahanati akauliza upi, na kiasi gani. Nikakohoa. Mwalimu mstaafu akanitetea: wataalamu wenyewe wangali wanabishana, kwa nini majaribio yafanywe matumboni mwetu? Makofi! Nikaanza kuvimba.

Kisha akasimama shemeji. Hata sauti hakupaza. Alisema yeye pia hajui yote, ndiyo maana anaandika, anayetaka anywe, asiyetaka aache. Alianza kwa ajili ya baba yao, mgonjwa wa kisukari, aliyechoka kunywa tangawizi kama anayetumikia adhabu. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Na mimi nikapiga! Mikono imenisaliti. Kujiokoa, nikatangaza kwamba lebo hakuna anayezisoma.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Watu hawasomi lebo, wanaitazama tu na kuridhika. Basi waitazame kwangu. Nimechapisha ya shemeji, neno kwa neno. Ndani ni tangawizi yangu ya siku zote, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Gundi imenifika hadi kwenye nyusi. Kufikia jioni friji nusu tupu!

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Shemeji aliishiwa mapema, na baba mkwe akaja kwangu. Baba mkwe mwenyewe! Alitoa chupa kwenye friji, akavaa miwani, akasoma. Neno baada ya neno, kidole kikifuata mstari. Akasema amefurahi, kumbe binti yake mdogo ameniambukiza akili. Akajimiminia glasi hadi juu.

Nilitaka kunyamaza. Naandika ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nikaona glasi inapanda, nikaona na vidole vyake vyembamba. Nikaruka kaunta. Goti likagonga, stuli ikaanguka, glasi nikaipokonya, tangawizi yote shatini kwake. Nikapayuka mbele ya wateja: ni sukari, baba, sukari tupu, lebo nimeiiba! Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri.

Baba mkwe alikunja miwani taratibu. “Macho yangu yamesoma sawasawa, mwanangu,” alisema. “Tatizo haliko kwenye macho.”

Natamani angenitukana. Shemeji alikuja na beseni la maji ya moto, tukabandua lebo pamoja hadi vidole vikakunjamana. Hakunisema hata kidogo. Aliniambia tu niandike SUKARI, wapo wanaoipenda. Mtu wa namna gani huyu? Machozi yalinitoka, nikasingizia tangawizi.

Jumatatu, 10 Machi
Foleni! Kwangu! Habari za kukiri kwangu zimezunguka mtaa mzima. Wanasema angalau yule ni mkweli. Chupa zilizoandikwa SUKARI NYINGI zimekwisha kabla ya mchana. Shemeji alinipongeza, na kwa moyo mmoja. Baba mkwe alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, akiwa mbali na friji yangu.

Nimetafakari sana. Kama ukweli unauza hivi, kwa nini niufiche? Nimeagiza lebo mpya, herufi kubwa kama za shemeji: MUUZAJI MKWELI, ALIKIRI MBELE YA WATU. Imependeza mno! Nafasi tu ndiyo imebana. Neno sukari nimelipeleka nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo ndogo.

Baba mkwe si ana miwani?