Ndege Wanaosubiri Ndoo

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu. Mimi niliyemaliza shule bila kunyoosha mkono darasani hata mara moja, ninazungumza na ndege. Kwa ndoo.

Kituo chetu kinaokoa ndege wa baharini waliokonda kwa njaa. Hawa wa sasa ni mwari, wale wenye mfuko chini ya mdomo. Sheria ya Daktari: tusiwasemeshe, na tukiwalisha tujifunike shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni. Ndege akizoea watu hatafuti tena samaki. Anakaa anasubiri mpaka afe.

Nimeelewa kabisa. Ila Daktari ataajiri mmoja tu, mimi au mwenzangu Mjuaji, na Mjuaji ana maneno. Mimi nina ndoo. Kabla ya kurusha samaki, nagonga: ko, ko-ko. Wakizoea, hawatakula kwa mwingine. Nani atanifukuza?

Jumatano, 5 Juni

Mpango umekubali. Mjuaji kaingia na samaki wake, hakuna aliyemtazama. Katoka ameloa jasho ndani ya shuka, anasema ndege hawa wana maringo kama wifi zake.

Nikaingia mimi. Ko, ko-ko. Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja. Mwari aliyekomaa hana sauti. Macho tu. Nilitaka kucheka, nikakuta mwili umesisimka.

Daktari kasema nina mkono mzuri. Kwa furaha nikakanyaga shuka langu, nikaangukia samaki.

Ijumaa, 7 Juni

Wamenenepa. Kesho wanaachiwa.

Nilikwenda kumwambia Daktari habari ya ndoo. Nikafungua mdomo, nikasimama hivyo. Akaniuliza, vipi mwanangu, jino? Nikasema ndiyo. Kanipa dawa. Nimeinywa.

Jumamosi, 8 Juni

Wameruka vizuri, wakapotelea baharini. Daktari kafuta machozi, akasema kazi ni yangu. Mjuaji kanipongeza bila kunitazama.

Kumbe nilijitia wasiwasi bure.

Jumatano, 12 Juni

Ukungu asubuhi. Mama kaniamsha, kasema nikawasikilize wageni wangu, maana yeye hajaalika mtu.

Wamejipanga juu ya ukuta wa ua, wote, na pete za kituo miguuni. Vifua vimechongoka tena. Hawajala tangu Jumamosi. Kwetu ni mbali na kituo, na sikuwahi kuwaonyesha njia. Tena nyumbani sina shuka kichwani. Wamenijuaje?

Mama kawapungia ufagio. Hawakutikisika. Walikuwa wanatazama mlango wa chumba changu.

Kisha mmoja akashuka kwenye tangi la maji, akaligonga kwa mdomo. Ko, ko-ko.

Ningeweza kwenda kwa Daktari. Angewarudisha kituoni, wangepona. Lakini angeuliza, na kazi ingekwenda kwa Mjuaji. Nimepata njia bora. Nitajifunika shuka, nitaingia baharini na ndoo, nikigonga. Watanifuata. Nitawamwagia samaki mbele kidogo, halafu mbele zaidi, mpaka wazoee kula huko huko. Kuogelea sijui, ila sitakwenda mbali.

Nimegonga mara moja hapa ndani, kujaribu tu. Nje mabawa yote yamefunguka kwa mpigo mmoja.

Ndoo ninayo. Shuka nimelitoa kitandani kwa Mama. Akiuliza, wewe daftari hujaniona.