Utingo wa Wagonjwa

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amefika leo na mabegi mawili na maoni yasiyo na idadi. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kulala kwetu. Nilijiandaa. Zamu yangu ilikuwa imekwisha lakini sikuvua sare, nikaketi pale ambapo beji inapata mwanga.

Hakuiona beji. Wakati wa chakula aliniuliza ninafanya kazi gani hasa. Nikamweleza: gari la wagonjwa, dharura, roho za watu mikononi. Akasikiliza kwa makini, kisha akataka kujua nani anaendesha. Nikasema dereva. Na nani anatibu? Nikasema tunaanza sisi, halafu daktari anamalizia hospitalini. Akatafuna polepole.

"Kwa hiyo wewe ni utingo," akasema.

Mke wangu akakimbilia jikoni, eti kuangalia chai. Chai ilikuwa mezani.

Shemeji yangu yuko benki. Ana kiti kinachozunguka. Jioni nzima kiti hicho kimesifiwa kuliko nilivyowahi kusifiwa mimi.

Uamuzi: kabla hajaondoka, mama huyu ataniona nikiokoa maisha ya mtu, kwa macho yake mawili. Maisha ya nani, sijui. Hilo ni dogo.

Jumanne, 5 Machi

Nilimsimulia dereva wetu. Kosa. Ni mama mmoja tunayemwita Taratibu, kwa kuwa akiwa hana mgonjwa garini hata kuku humpita. Alicheka mpaka akaegesha gari pembeni. Mchana kutwa ikawa utingo funga mlango, utingo tazama nyuma.

Wagonjwa wa leo: bwana mmoja aliyelalamika kifua kinambana, kumbe alitaka lifti ya sokoni. Alishuka mzima, akatusifu kwa mwendo. Halafu bibi mmoja aliyeteleza bafuni. Alinishika mkono njia nzima akinisimulia habari za paka wake, na kila sentensi iliishia na "daktari wangu". Sikumsahihisha.

Jioni, mpango wa kwanza. Nilimwomba mama mkwe ruhusa nimwonyeshe tunavyofunga mkono uliovunjika. Akakubali kama mtu anayemkubalia mtoto aonyeshe mchoro wake. Nikafunga. Vibao viwili, bendeji, kitambaa cha kuning'iniza shingoni. Kazi safi! Hapo simu ikalia: mwenzangu wa jioni kachelewa, nikashike nafasi yake kidogo. Nikatoka mbio.

Niliporudi mama mkwe alikuwa bado amefungwa. Mke wangu alikuwa ameshindwa na fundo langu, na mkasi wa kukatia ulikuwa mfukoni mwangu muda wote. Mama mkwe alikuwa amelishwa kwa kijiko. Nikamweleza kwamba fundo lisilofunguka ndiyo sifa ya kazi yetu. Alikuwa anajaribu vidole kimoja kimoja kuona kama bado ni vyake.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: king'ora. Hakuna utingo mwenye king'ora.

Nilimwomba Taratibu tupite mtaani kwetu tukikipiga kidogo tu. Akakataa. Alisema king'ora si tarumbeta ya harusi. Nikambembeleza: basi tule chakula cha mchana kwangu, gari lisimame mlangoni kimya kimya. Hapo akakubali, maana mapishi ya mke wangu anayajua.

Tulipofika niliwasha taa za juu. Kidogo. Nikaishusha machela pia, nikaiweka nje ionekane vizuri. Kisha nikaingia kumwita mama mkwe aje atazame. Alikuwa anaoga. Nikaona si neno, tukaketi kula kwanza.

Majirani hawakula. Mwenye duka la kona, tunayemwita Mizani kwa sababu hakuna jambo asilolipima, alifunga duka akaja kusimama mbele ya gari. Akapima: taa zinawaka, machela iko nje, ndani kuna mgeni mzee, hakuna anayekimbia. Basi yameshakwisha. Akatangaza.

Mama mkwe alipotoka bafuni, taulo kichwani, alikuta sebule imejaa akina mama. Mmoja akamkumbatia akimpa pole. Akauliza kuna msiba wa nani. Wakatazamana, wakanong'onezana kwamba maskini, mshtuko umemvuruga. Kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaendelea kupokea pole, na wengine akawafuta machozi, mpaka alipoambiwa kwamba marehemu ni mama mkwe wangu.

Wakati huo viti vilikuwa vimeshapangwa uani.

Mizani hakuomba radhi. Alisema watu wa ambulensi siku zote huja mtu akiwa ameshakufa, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sawa, mwenye kosa ni mama aliyekuwa hai. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Msimamizi alipata habari kabla hatujarudi kituoni. Nimepewa adhabu ya kuosha gari ndani na nje, peke yangu, wiki nzima. Taratibu naye kakaripiwa kwa ajili yangu. Hajaniita utingo tena leo. Sikudhani ningelikosa neno lile.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeosha gari. Nimenunua maandazi, nikampa Taratibu mawili. Akala moja bila kunitazama. La pili akanirudishia nusu, akasema utingo nawe ule. Mungu ni mkubwa.

Nyumbani, mama mkwe haongei nami ana kwa ana. Akitaka chumvi anamwambia binti yake amwambie mumewe asogeze chumvi. Nasogeza.

Tulipobaki wawili, mke wangu aliniuliza nahangaikia nini. Nikasema sihangaiki. Akaniambia kwamba yeye huwa anajua siku nilizompoteza mgonjwa kwa namna ninavyovua viatu, na siku hizo hata haniulizi kitu, huniwekea maji ya kuoga tu. Miaka yote hii nilidhani maji yale huwa ni bahati.

Halafu nikapanga mpango wa tatu. Unahusu mwandishi wa gazeti.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya mapumziko. Nilitumwa sukari dukani kwa Mizani. Mama mkwe akanifuata, kwa mbali kidogo, kwa kuwa haamini naweza kuchagua sukari.

Mizani alikuwa anapima huku anatoa maoni. Kwamba kazi yetu ni kukaa. Kwamba kutwa tumekaa kituoni, tukiitwa tunakaa garini, na tukifika mgonjwa analala, sisi tunakaa pembeni yake. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, tena jibu kali. Alisema, "Sasa wewe niambie," akaweka mkono mezani, akaenda chini pamoja na sukari.

Niliruka kaunta. Alikuwa hapumui. Hakuna mapigo.

Nilimwambia mteja mmoja apige simu kituoni. Mama mkwe nilimwambia asimame barabarani alionyeshe gari njia. Naona sikusema hata "tafadhali". Alikimbia, viatu mkononi. Nikaanza kukandamiza kifua. Mbavu zililia chini ya viganja vyangu, nikaendelea. Nilikuwa namwita. Mzee, rudi. Mzee, hujamaliza maneno yako, rudi umalize. Jasho lilikuwa linadondoka usoni mwake na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Kisha nikasikia king'ora. Taratibu alikuja na mwendo ambao sikujua gari lile linao. Akaingia na mashine ya kushtua moyo, kila mmoja wetu akijua zamu yake. Mshtuko wa kwanza, kimya. Wa pili, shingo ya Mizani ikacheza chini ya vidole vyangu. Nikakaa sakafuni kwenye sukari. Taratibu akanivuta kola, akasema bado, twende.

Tulimfikisha hospitalini anapumua.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa bado pale dukani. Hakutaka kuliacha duka la watu wazi. Alikuwa ameshafagia sukari yote. Mikono yangu ilikuwa bado inanata jasho na sukari, nikaificha mgongoni. Akaileta mbele, akaimwagia maji kutoka kwenye jagi, akaikausha kwa kitenge chake.

"Kaa chini, baba," akaniambia. "Leo unahudumiwa wewe."

Nikalia, palepale, kwenye gunia la maharage. Ndipo nilipokumbuka kwamba muda wote ule sikugeuka hata mara moja kutazama kama ananiona.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe ameondoka. Kwenye kituo cha mabasi aliwaambia abiria asiowajua kwamba mkwe wake hufufua watu, na yeye mwenyewe ni shahidi, tena na yeye aliwahi kufa Jumatano. Nikajaribu kurekebisha. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Mchana nilikwenda wodini kumwona Mizani. Yu mzima na mbavu zinamuuma. Maoni yake: shuka ni fupi, uji ni mwepesi, na nilimkandamiza kama mtu anayetwanga. Kisha akanishika mkono na hakuuachia, tukakaa hivyo mpaka muuguzi aliponifukuza. Nimejifunza mengi wiki hii. Kazi njema haihitaji watazamaji.

Sasa kuna jambo. Baba mkwe amepiga simu. Kasimuliwa yote, na maoni yake ni kwamba wanawake huongeza chumvi. Anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kujionea mwenyewe. Mizani atakuwa ameshatoka hospitalini.

Kwa hiyo nilirudi wodini, nikamwuliza kwa heshima zote kama angeweza kuanguka tena. Kidogo tu. Palepale kwenye kaunta, mimi nikiwa karibu.

Akalipima muda mrefu. Akasema ataanguka, lakini sakafu ile ni ngumu, anataka godoro.

Godoro nimeshapata. Taratibu bado sijamwambia.