Bahari Iliyoingia Ukumbini

Mtaa wa Makadara,
Nairobi.
Agosti 1981

Mheshimiwa Mwenyekiti Kitonga,
Kamati ya Ukumbi wa Mtaa.

Nakuamkia kwa heshima. Mimi mwilini ni mzima. Taabu iko nyumbani. Nalalamika juu ya sanaa aliyoijenga ukumbini Wangeci, binti wa fundi Ngigi, kuwakumbuka watu wanaohama kwa kuvuka bahari. Shuka za buluu sakafuni ndizo maji, katikati iko mashua ya mbao za makreti, na akala, vile viatu vya matairi vya soko la Kariokor, zimening'inia darini kwa ajili ya waliozama.

1. Bahari hiyo imefika hadi mlangoni. Jumapili kwaya ya akina mama ilifanya mazoezi ikiwa imevua viatu.

2. Wangeci aliwaomba majirani wapakie masanduku, kila mtu aweke vitu ambavyo angebeba kama asingerudi tena. Mke wangu Lenah alitoa sanduku letu bila kuniuliza. Nilikwenda kulikagua. Nilikuta gauni zake zote, redio, sufuria ya ugali na mwiko. Changu hakikuwamo, hata soksi. Nilipomuuliza Wangeci, alinijibu kwa upole kwamba sanaa husema kweli.

3. Tangu hapo Lenah hushinda mashuani akifuma. Mimi nala mkate mkavu. Wazee wa kanisa wamekuja kunipa pole, wakauliza atarudi lini.

4. Kwa kuwa mke wangu ameshahama nchi, naomba bahari ikaushwe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, awekwe afisa wa uhamiaji mlangoni, na mke wa mtu asipande bila barua ya mumewe. Mimi sitaiandika.

Nisalimie mama watoto, wanakamati wote, na yule anayeshika funguo za ukumbi.

Ni mimi mkazi wako mtiifu, na bado mume,
Patrobas Nabiswa

Baada ya sahihi: Nilipoileta barua hii nilimkuta Lenah mashuani, nikamuuliza mbona hakunipakia hata soksi. Akasema, "Baba Nekesa, sanduku lile ni zito. Ulidhani nani atalibeba? Na soksi si utakuwa umezivaa?" Kisha akasogea, nikakaa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, bahari iachwe ilivyo. Kama kamati ina shuka zaidi, naomba iongezwe kidogo upande wetu.