Jamaldin na Sitara ya Bi Swafia

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi mwaka 1995, Jamaldin, fundi wa maneno matamu, aliuona katika kichochoro cha Mji wa Kale mlango wa nakshi ambao ungemtajirisha. Mnunuzi alimngoja mtaa wa Shimanzi, na lori lake lingeondoka alasiri.

Mlango huo ulikuwa wa mzee mmoja, Bi Swafia, nao ulitazamana na mlango wa jirani yake, Sheikhan. Jamaldin akatikisa kichwa kama aliyefiwa.

"Shikamoo, Bi Swafia. Mlango kutazama mlango! Wazee wetu waliipishanisha milango, jirani asione ya ndani. Sitara yenu iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote mimi na Sheikhan twagombana nani ausogeze wake."

"Nitausogeza wako, bure, kwa thawabu."

Bi Swafia alikubali upesi kiasi cha kumtia shaka mtu asiye na tamaa.

Baada ya adhuhuri mlango uling'oka. Jamaldin akajitwika, akaanza kuondoka.

"Wapi wenda nao?"

"Kuutia mafuta, mama."

"Na sisi wanawake? Ndani twampaka bi harusi hina!"

Hapo kichochoro kizima kikasimama. Hakuna mwanamume aliyethubutu kupita mbele ya nyumba iliyo wazi. Muuza kahawa aligeukia ukuta. Imamu aligeukia ukuta. Hata paka dume, kwa adabu zake, aligeukia ukuta.

"Nani katufungia njia?" akauliza Sheikhan, pua ikigusa chokaa.

"Jamaldin! Kawavua watu sitara!" akapaza sauti Bi Swafia.

"Basi airudishe, aishike mwenyewe!"

Jamaldin akarudi, akausimamisha mlango penye uwazi, akaukumbatia. Njia ikafunguka. Kila alipoulegeza, watu waligeukia ukuta tena, wakimlaani kwa sauti moja.

"Lori litaniacha, mama!"

"Basi toboa ukuta hapo kando upesi, uuhamishie huko. Nyundo hiyo. Mkono mmoja ushike, mmoja ugonge. Fundi twamtafuta tangu mwezi wa Rajabu."

"Hodi!" wakabisha wageni wa harusi, wakimgonga kisogoni.

"Karibuni," akajibu Jamaldin, akazunguka na mlango mzima, macho ameyafumba.

Lori likaondoka bila yeye. Magharibi ilipokaribia, mlango ulikuwa umekaa mahali papya, na mawe yaliyobomolewa yamekwisha kuziba uwazi wa zamani. Bi Swafia akamtolea sahani ya kaimati. Jamaldin hajamaliza ya kwanza, Sheikhan akamshika bega kwa upole.

"Mwanangu, nina dirisha latazama ua wa watu. Kwa thawabu, eti?"

Nawe uliyesoma, msomee jirani yako asiyejua kusoma. Ila kwanza bisha hodi, na usimame pembeni mwa mlango.