Mnirudishie Nyanya Yangu

Onchiri Makori,
Kiogoro,
Kisii.
Juni, 1974

Kwa Daktari Shariff,
Kliniki ya Majaribio ya Dawa za Akina Mama,
Mjini Kisii.

Daktari Mheshimiwa,

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA KLINIKI YAKO, DAWA YAKO, NA NYANYA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa yako, na kwamba mvua ya juzi haikung'oa paa la kliniki. Sisi huku Kiogoro tu wazima. Chai inachumwa, ndizi zinaiva na ng'ombe wetu amezaa. Baada ya adabu hiyo, sasa niruhusu nikukasirikie.

Mimi ni yule mume wa Nyanchama, mwenye koti la kahawia, niliyefika kwako mwanzo wa mwaka. Huenda umenisahau kwa wingi wa watu, lakini najua hujamsahau mwanamke mzee niliyekuja naye. Huyo ni nyanya yangu Mong'ina, mama mzazi wa baba yangu. Nasikia siku hizi ana kiti chake hapo kwako, tena chenye mto. Nitalifikia jambo hilo.

Nina malalamiko sita. Nimeyatia nambari ili usipate pa kujifichia.

1. Tangazo. Nyanchama na mimi tumeoana miaka kadhaa na hatujapata mtoto. Siku moja mtu wako alisimama sokoni akatangaza kwamba mjini kuna vidonge vipya vya wanawake wasioshika mimba, kwamba vidonge hivyo bado vinachunguzwa, na kwamba anayetaka aje na mumewe. Hayo ya "aje na mumewe" ndiyo mwanzo wa taabu zangu. Tangu lini mwanamume akapelekwa hospitali kwa ugonjwa wa mkewe? Kwetu dawa za mambo haya hutafutwa na wanawake wenyewe huko vichakani, na mume huambiwa tu kwamba mboga ya leo ni chungu kidogo. Utaratibu huo ulikuwa na heshima zake. Sikumbuki ukimponya mtu, lakini ulikuwa na heshima.

2. Sista Persis. Huyu ndiye muuguzi uliyempa kazi ya kuwauliza watu habari za chumbani. Wewe ni mtu wa mjini, na hukujua, lakini baba yake Persis na mimi ni watoto wa ndugu wawili. Kwa hivyo Persis ni binti yangu. Sisi Wakisii tuna kitu tunachokiita chinsoni, yaani ile aibu ya heshima iliyopo kati ya mzazi na mtoto. Mimi siwezi hata kutaja kitanda mbele ya Persis, na yeye hawezi kunisikia nikikitaja. Siku hiyo alisoma swali la kwanza akiwa ameuelekea ukuta, nami nikaliangalia dirisha. Tulikaa hivyo muda mrefu, kila mtu na upande wake, mpaka ukaingia kuuliza kama kuna mtu amefariki.

3. Hapo ndipo nilipomleta nyanya, na hapa naomba usikilize vizuri. Kwetu, mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mzazi wala mtoto humwambia nyanya yake. Nyanya haonewi aibu. Hututania, hutufundisha, na hutuita waume zake tangu tukiwa wachanga. Kwa hivyo tuliporudi wiki iliyofuata nilikuja naye ili anijibie. Nilidhani nimekuwa mwerevu.

Ukaingia, ukamwona mwanamke mzee ameketi kati yangu na Nyanchama, ukauliza ni nani. Akajibu kwa fahari kwamba mimi ni mume wake. Persis alikutafsiria vilevile, maana ni mtoto mwaminifu. Nawe bila kutikisika ukampima nyanya damu, ukamwuliza mara ya mwisho kupata hedhi ilikuwa lini. Akasema ni mwaka ule vita vya Hitler vilipoisha. Daktari, nakubali kwamba uliandika jibu hilo kwa heshima kubwa. Hata hivyo Nyanchama alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka wetu wa kwanza.

Ukweli ulipojulikana maswali yakaanza upya. Wewe ulimwuliza Persis kwa Kiswahili. Persis akamwuliza nyanya kwa Kikisii. Nyanya akanigeukia akaniuliza mimi, ingawa nilikuwa nimelisikia swali mara mbili tayari. Nami nikamjibu nyanya, yeye akampa Persis jibu, na Persis akakupa wewe. Hiyo ingekuwa njia nzuri sana kama nyanya angekuwa anasikia. Masikio yake yamechoka, na mtu asiyesikia huamini kwamba wengine wote pia ni viziwi. Uliponiuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi, benchi lote la nje lilijua nilivyovimba. Ulipouliza tunakutana mara ngapi kwa wiki, nilimnong'oneza. Nyanya akapaza sauti, "Anasema mara tatu! Lakini wakati wa kuchuma chai huyu huchoka, wewe andika mara moja!"

Kwenye benchi hilo alikuwepo Mzee Cleophas, mwimbishaji wa kwaya ya kanisa letu, aliyemleta bintiye. Sabato iliyofuata aliniombea kwa jina mbele ya washiriki wote, kwa urefu na kwa kina, hata mimi mwenyewe nikafungua macho. Nilipotoka nje wanaume wawili walinishika mkono wakanipa pole. Wa tatu alitaka kujua nyanya yangu yuko nyumbani siku gani.

4. Ridhaa. Ulieleza kwamba dawa ni mpya, kwamba inaweza kumsaidia na inaweza isimsaidie, kwamba huenda akaumwa na kichwa, na kwamba anaweza kuiacha siku yoyote bila kugombezwa. Vizuri. Kisha ukamwuliza Nyanchama kama anakubali. Nyanchama, si mimi! Mimi mumewe nilikuwa palepale, nimevaa viatu. Nilianza kusafisha koo ili nitoe uamuzi wa nyumba yetu, na kabla sijamaliza kukohoa mwanamke alikwisha kubali. Tangu siku hiyo ameizoea tabia hiyo ya kuulizwa. Juzi alitaka kujua kwa nini sikumwuliza kabla ya kung'oa migomba.

5. Chupa. Sitaandika mengi kuhusu chupa. Ulisema ni lazima nami nipimwe, na kwamba kilichomo kifike kwako kingali na joto. Persis hakuweza kunipa ile chupa mkononi. Aliiweka dirishani, ameifunga kwa gazeti, akaondoka, ndipo nami nikaichukua kana kwamba nimeiokota. Kesho yake nilitoka Kiogoro mbio nikiwa nimeibana kwapani ndani ya koti. Njiani nilikutana na baba mkwe akitoka Suneka kuja kutuona. Mkwe wangu, Daktari! Alitaka kunisalimia kwa mikono miwili kama inavyostahili, nami nilikuwa na mmoja tu wa kutoa. Akauliza kama mkono umeumia. Nikasema ndiyo. Alinirudisha nyuma kidogo chini ya mti ili auombee.

6. Matokeo. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilikuja kwako nikiwa tayari kuambiwa nani ana makosa. Ukasema mimi sina kasoro, na kwamba mayai ya Nyanchama hayakomai kwa wakati wake, ndiyo maana ya hivyo vidonge vya kuyahimiza. Nikashusha pumzi. Kisha ukaongeza kwamba hilo si kosa lake wala si laana, ni mwili tu, kama vile mtu mwingine anavyozaliwa na macho hafifu.

Daktari, huku kwetu tatizo ni lazima liwe la mtu. Mama yangu amekuwa na mtu wake wa kumlaumu miaka yote hii, na amemlaumu kwa bidii. Nyanchama akiunguza ugali, ni tasa. Mvua ikichelewa, ni tasa. Sasa nikimwambia mama kwamba hakuna mwenye kosa, atafanya kazi gani? Mama ni mtu wa kanisa, lakini kwa habari ya wajukuu yeye husoma Agano la Kale tu. Amekwisha kunitafutia msichana wa Marani, na amesema Jumapili hii atamleta nyumbani pamoja na shangazi zake, ili Nyanchama asogee ampishe. Mimi sitaki msichana wa Marani. Nimesema hivyo, lakini kwa mama yangu maneno yangu ni kama kelele za kuku. Nyanchama huamka akafagia uwanja ambao utakanyagwa na wageni hao, na mimi nikimtazama akifagia moyo unaniuma.

7. Nilisema sita, lakini hili la saba ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Mmemchukua nyanya yangu.

Ilianza kidogokidogo. Wanaume walionisikia nikisemewa na nyanya waligundua kwamba wao pia wana mabinti na wapwa miongoni mwa wauguzi wako, na kwamba nyanya zao wenyewe wamekwisha kufa. Wakaja kumwazima wangu. Mmoja alitoka mpaka Marani akiwa na jogoo. Nyanya akaenda mara moja, akaenda tena, nawe ukampa kiti, koti jeupe na chai ya maziwa, na sasa siku za kliniki analala kwa Persis huko mjini ili asichelewe kazini. Amejifunza na Kiswahili. Alipopita nyumbani kuchukua blanketi yake alinishika bega akaniambia, "Fungua moyo, mzee, sema tu!"

Daktari, ni nani atakayenitania jioni? Ni nani atakayemkemea mama yangu? Mama humwogopa mtu mmoja tu duniani, naye ni mama mkwe wake, na mtu huyo ameketi kwako amevaa koti jeupe akiwauliza wanaume wa watu habari za suruali za kubana. Yapo mambo katika boma letu ambayo hakuna mwingine awezaye kuyasema. Mimi siwezi kuyasema kwa mama, kwa sababu ya chinsoni ileile niliyokueleza. Nyanchama naye hawezi. Umetuachia nyumba isiyo na mdomo.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, kliniki ifungwe. Pili, vidonge virudishwe vilikotoka. Tatu, Persis apewe uhamisho wa kwenda mahali ambapo hana baba, kwa mfano Mombasa. Nne, nyanya yangu arudishwe akiwa kamili, pamoja na blanketi. Usipotekeleza nitalazimika kulifikisha jambo hili kwa Chifu, ingawa nimesikia kwamba mke wake pia huja kwako.

Nisalimie wote hapo: askari wa langoni aliyenishikia koti, mama anayepika chai, na akina mama wote wa benchi, hasa wale waliomsogelea Nyanchama na kumsimulia habari zao mpaka akaacha kudhani yuko peke yake. Persis naye msalimie, lakini usimwambie salamu zimetoka wapi.

Ni mimi, nikiwa na hasira na heshima kwa kiasi kilicho sawa,

Onchiri Makori

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuikunja nilipoitwa na Nyanchama. Alikuwa amesimama kwenye chai, kikapu mgongoni, wala hachumi. Nilimwuliza kama kichwa kinauma, akasema hapana. Alitoka kwako jana, akakaa usiku mzima na habari hiyo kwa sababu aliogopa kuitoa kinywani isije ikapotea. Daktari, mke wangu ana mimba. Nimelia kati ya michai kama mtoto, na sioni haya kukuandikia.

Kwa hivyo usifunge kitu. Vidonge viache, Persis mwache. Mleta barua hii ni ndugu yangu Mogaka. Nimemwambia aikabidhi na kurudi, lakini amevaa nguo za kanisani na amekuja na mkewe Bonareri, na mwaka wa tatu sasa wanasubiri. Wape nafasi kwenye benchi, na nyanya azungumze nao kwanza.

Kisha nakusihi nipe nyanya kwa siku moja tu. Afike kabla ya Jumapili, kabla wageni wa Marani hawajaingia uwanjani, amketishe mama yangu chini na kumpa habari hii, kwa maana ni yeye peke yake awezaye kuitamka. Jumatatu nitakurudishia mwenyewe.

Na tafadhali mwambie asipunguze sauti.